Njia Moja, Vidonge Viwili

Kwa miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye kibanda cha ishara kilichoinuliwa juu, chenye madirisha pande tatu, akivuta vishikio vya chuma na kuamua treni ipi ipite na ipi ingoje. Wenzake wa reli walimbatiza jina la Subiri, kwa kuwa neno hilo lilimtoka mdomoni mara nyingi kuliko salamu. Reli ya pale ni ya njia moja. Treni ya kupanda na ya kushuka hutumia chuma kilekile, kwa hiyo mojawapo lazima ipishe, na anayeamua ni mtu mmoja aliyekaa kitini na kikombe cha chai. Miaka yote hiyo Subiri hakugonganisha hata toroli. Alijivunia jambo hilo kuliko alivyojivunia watoto wake wawili, ambao nao, tuseme haki, hawajagonganisha kitu.

Basi siku moja mwezi wa tatu akaisimamisha treni ya mizigo dakika arobaini nzima ili kupisha treni ya abiria ya saa nane na dakika ishirini mchana. Dereva wa mizigo alipiga honi mpaka akachoka. Mwishowe akashuka, akatembea kando ya reli hadi chini ya kibanda, akapaza sauti, "Mzee, tunangoja nini?"

"Si hiyo inapita?" Subiri akamjibu, huku akinyoosha kidole. "Huisikii? Mabehewa tisa."

Dereva akatazama reli. Palikuwa na mbuzi mmoja, naye alikuwa amelala. Lakini dereva yule alikuwa mtu mwenye adabu zake. Alivua kofia, akasimama kimya mpaka mabehewa tisa yakaisha kupita, akarudi kwenye injini yake na kuwapigia simu wakubwa.

Wakubwa walimpa Subiri likizo ndefu na barua ya kwenda kwa daktari wa akili. Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke ambaye kwa umri Subiri angeweza kumzaa, naye alimwita "mwanangu" mpaka alipoona vyeti ukutani, ndipo akaanza kumwita "daktari". Daktari hakuupa ugonjwa wake jina la kutisha. Alimwambia kwamba huzuni ikikaa muda mrefu na usingizi ukimkimbia mtu miezi mitano, akili huanza kusikia yasiyokuwapo, na kwamba inatibika. Akamwandikia vidonge viwili. Cheupe, kila asubuhi, cha kuinyamazisha ile treni. Cha rangi ya waridi, kila jioni, cha kuinua moyo na kurudisha usingizi.

"Vimeze kila siku, usiruke hata siku moja," daktari alisema. "Ukija tarehe kumi mwezi wa saba ukiwa husikii kitu, nitakuandikia barua ya kurudi kazini."

Barua ile ndiyo ikawa pumzi yake. Mtu aliyezoea kuongoza treni, ukimweka sebuleni, anaongoza nini? Aliongoza kuku. Aliongoza maji ya kufulia yapite upande gani wa ua. Mkewe, mwalimu wa hesabu darasa la sita, alikuwa akirudi kutoka shuleni anakuta viatu vimepangwa mlangoni kwa zamu ya kutoka. Usiku alimwombea, mchana alimcheka, na vyote viwili alivifanya kwa moyo safi.

Taabu ilianzia kwenye ile karatasi ya maelezo inayokunjwa mara kumi na sita ndani ya boksi la dawa. Watu wenye akili timamu huitupa. Subiri aliinyoosha kwa pasi, akaisoma kwa miwani. Katikati ya maneno mengi akakuta pameandikwa kwamba dawa hii inaweza kuathiriana na dawa nyingine. Akafungua boksi la pili, akanyoosha karatasi ya pili. Maneno ni yaleyale.

Mtu mwingine angesema, aliyeviandika vyote viwili ni mmoja, kalamu moja, siku moja, basi anajua anachofanya. Lakini Subiri alikuwa ameona ratiba za wakubwa. Mara ngapi wamekaa ofisini kwenye feni wakaandika treni mbili zipite mahali pamoja dakika moja, na nani aliyewaokoa abiria kama si yeye na neno lake lile? Akavaa shati la kutokea, akaenda duka la dawa.

Palikuwa na foleni. Mfamasia alikuwa akitafuta dawa ya mtoto kwa mkono mmoja na kushika simu kwa mwingine.

"Samahani, daktari," Subiri akasema, na hapo alikuwa anampaka mafuta tu, "hivi vidonge viwili vinaweza kukutana humu ndani?"

Mfamasia akatupia jicho maboksi, akaona ni dawa zinazoandikwa pamoja kila siku. "Vitakutana tu, mzee wangu, havina neno. Tumbo si ni moja?"

Maneno "havina neno" yalipita yakaenda zake. Yaliyobaki kichwani mwa Subiri, yakagonga huko njia nzima mpaka nyumbani, ni kwamba tumbo ni moja. Njia moja. Maisha yake yote alikuwa akiishi na njia moja ndani yake, wala hakuna aliyemwambia.

Jioni ile alitandaza mezani karatasi kubwa ya nyuma ya kalenda, akachukua rula ya mkewe, akachora ratiba. Upande mmoja aliandika masaa, upande wa pili stesheni: Mdomo, Koo, Tumbo, Ini, Damu, Kichwa. Ini alilipa njia ya kupishana, kwa sababu alisikia zamani kwamba ini ni kubwa. Cheupe kikaingia Mdomo saa kumi na mbili asubuhi, na cha Waridi saa kumi na mbili jioni. Kazi ilikuwa safi, mistari haigusani popote, na mkewe alipoiona alisahau kucheka. "Hii ukiwapelekea wanafunzi wangu watalia," alisema.

"Mama, ratiba peke yake haitoshi," Subiri akamwambia. "Ratiba ni karatasi. Tunahitaji pete."

Hapa inabidi nieleze. Kwenye reli ya njia moja ya mtindo wa zamani, dereva haingii kipande cha njia mpaka akabidhiwe pete ya chuma. Pete ya kipande hicho ni moja tu duniani. Dereva akifika stesheni ya mbele anaikabidhi, na mpaka ikabidhiwe, hakuna treni nyingine inayotia gurudumu hapo, hata awe amepanda nani. Ni ujanja rahisi, nao umeokoa watu wengi. Subiri aling'oa pete moja kutoka kwenye pazia la sebuleni, akapigilia msumari chumbani na mwingine jikoni, na kuanzia siku ile nyumba ikawa na stesheni mbili.

Alfajiri simu ya mkewe ililia jikoni. Mpigaji alikuwa chumbani, hatua kumi na moja kutoka pale.

"Stesheni ya Jikoni, hapa Chumbani. Njia iko wazi?"

"Iko wazi, mzee. Uji unaungua."

"Jibu kwa utaratibu, mama watoto."

"Njia iko wazi, Chumbani. Lete treni."

Subiri akashika pete mkono wa kushoto, akameza Cheupe, akatembea taratibu mpaka jikoni na kumkabidhi mkewe pete. Mkewe akaitundika msumarini. Jioni pete ilirudi chumbani kwa heshima zilezile, ndipo cha Waridi kikaruhusiwa. Na kwa kuwa dawa zina uchungu, aliviteremshia glasi kubwa ya juisi ya mabalungi, ambayo dada yake alimletea kapu zima kila Jumapili. Juisi hakuiweka kwenye ratiba. Juisi si treni.

Mtasema mkewe alikuwa mjinga kumfuatisha. Hakuwa mjinga hata kidogo. Aliona mume wake ameanza kulala, ameanza kuuliza watoto wamepiga simu lini, juzi kaimba bafuni. Kama gharama ya hayo ni kusema "lete treni" mara mbili kwa siku, alikuwa tayari kusema hata mara ishirini, na kuvaa kofia juu yake.

Wiki ya nne, Jumanne, mambo yakaharibika. Mkewe alikuwa amechelewa. Alipokea pete ya asubuhi huku anavaa kiatu, akaitia mfukoni mwa sweta badala ya kuitundika, akatoka mbio. Siku hiyo somo lilikuwa duara. Bikari kubwa ya ubaoni ilikuwa imevunjika, mwalimu akapapasa mfukoni, akakuta kitu cha mviringo cha kumfaa. Akachora maduara sita mazuri kabisa, akaitupia pete kwenye droo ya meza pamoja na chaki, akaisahau palepale.

Jioni Subiri alikwenda jikoni, akautazama msumari. Mtupu. Akautazama tena kwa miwani.

Ninyi na mimi tungeuliza, "Mama, pete iko wapi?" Mambo yakaisha. Lakini kanuni za reli kuhusu pete iliyopotea hazisemi uulize jikoni. Zinasema kipande kifungwe, taarifa iandikwe, na pasipite kitu mpaka stesheni ya mbele ijibu kwa maandishi. Na zaidi ya hapo, kwa mujibu wa vitabu, pete haijakabidhiwa, maana yake treni haijafika. Kidonge cheupe cha Jumanne asubuhi kilikuwa bado njiani. Subiri akakaa, akaandika taarifa ukurasa mzima kwa mwandiko wake wa kazini, akaitia kwenye bahasha na kuiweka juu ya madaftari ya mkewe. Mkewe akaichukua pamoja na madaftari. Akadhani ni ratiba nyingine.

Simu za jikoni zikakoma. Mkewe akafurahi. Alidhani mume wake amepona hata na huo upuuzi wa pete, sasa anameza dawa kama watu wengine, akamshukuru Mungu na wala hakutaka kuuliza asije akauamsha. Subiri naye alikuwa anangoja jibu. Kila asubuhi alitandika kitanda, akakaa ukingoni mbele ya maboksi mawili, mikono magotini. Kazi ya kungoja aliijua. Siku ya nne usingizi ukampa kisogo. Siku ya saba aliacha kuimba. Siku ya tisa alikuwa sebuleni anakunywa balungi lake, ikafika saa nane na dakika ishirini mchana, akaisikia kwa mbali inakata kona.

Mabehewa tisa. Aliyahesabu, hakutaka kuyahesabu, lakini mkono wake wenyewe uliinuka kutafuta kishikio. Hofu ikamwingia mpaka kwenye nyayo. Hakuogopa treni yenyewe. Alichoogopa ni barua. Ilikuwa tarehe saba. Zimebaki siku tatu, na anachotakiwa ni kusema neno moja tu mbele ya daktari, "Sisikii." Kulisema neno moja kunamshinda nani? Akaamua atalisema.

Jioni hiyohiyo mkewe alikuwa anasahihisha madaftari mezani, akaikuta bahasha chini kabisa. Akasoma kwa sauti, bado anatabasamu.

"Kwa Msimamizi, Stesheni ya Jikoni. Yahusu kupotea kwa pete. Natoa taarifa kuwa kipande cha Mdomo hadi Kichwa kimefungwa tangu Jumanne jioni. Cheupe hakijaripotiwa kufika. Waridi amesimamishwa. Treni zote zinazofuata zitangoja..."

Tabasamu likamkauka. Aliinuka, akaenda chumbani, akamimina vidonge kitandani, akavihesabu viwili viwili kama anavyofundisha. Ni mwalimu wa hesabu, hakuhitaji rula. Siku tisa. Akakumbuka duara, chaki, droo. Akakaa juu ya kitanda, akalia kwa hasira, nusu ya hasira kwa mumewe na nusu kwa mkono wake mwenyewe uliochora maduara sita mazuri.

Kesho yake hakwenda shuleni. Alimvalisha mume wake shati la kutokea, akabeba maboksi, bahasha na ile ratiba ya kalenda, wakafika kwa daktari saa saba na nusu bila miadi. Wakakaa kwenye benchi mpaka saa nane na dakika tano.

Daktari aliitandaza ratiba mezani na kuisoma stesheni kwa stesheni. Ikamchukua muda. Nesi akachungulia kusema foleni imefika nje, daktari akamwonyesha kiganja. "Kwa hiyo hapa kwenye Ini," alisema hatimaye, "Waridi anangoja Cheupe apite?"

"Ndiyo, daktari. Pana njia ya kupishana."

"Na Cheupe cha ile Jumanne kiko wapi?"

"Bado hakijaripotiwa."

"Mzee wangu, kile kilifika na kuondoka kabla Ijumaa haijafika." Daktari akaweka kalamu chini. "Umefanya vizuri kuhofia dawa kukutana. Zipo zinazoumizana kweli. Lakini swali hilo ni la kuniletea mimi. Hizi mbili nilizipima kabla sijaandika. Nimezituma pamoja makusudi."

Subiri akatikisa kichwa. Alikuwa ameyasikia maneno kama hayo kutoka kwa watu wa ofisini wenye feni.

Ndipo mkewe akamgeukia. "Wewe si ndiye uliyeniambia, treni nzito ikipanda mlima mnaifunga vichwa viwili? Kimoja kinavuta mbele, kimoja kinasukuma nyuma. Mbona hivyo hamvipishanishi?"

Subiri akaivuta ratiba karibu, akaifuata kwa kidole. Miaka thelathini na mmoja, na kwenye ratiba ile hakukuwa na mlima.

"Hivyo vinakwenda kwa pete moja," akasema polepole.

"Basi," mkewe akasema.

"Na ulikuwa unamezea nini?" daktari akauliza, akiandika.

"Juisi ya balungi. Glasi mbili."

Kalamu ikasimama. Daktari akaifungua karatasi ya maelezo iliyopigwa pasi, akaweka kidole kwenye mstari wa herufi nene, akamsogezea. Subiri akasoma. Balungi lilikuwepo, kwa jina lake, limekatazwa wazi. Alikuwa ameupita mstari ule mara arobaini akitafuta vidonge. Aliyekaa wiki nne anaweka ulinzi wa njia alikuwa akimpitisha mvamizi kwa glasi asubuhi na jioni, tena kwa sukari. Mkewe akaziba mdomo kwa leso, mabega yakimcheza. Daktari akatazama dirishani mpaka uso ukamtulia.

Kisha akavuta droo, akatoa barua. Ilikuwa imeshapigwa chapa, na kilichobaki ni sahihi tu.

"Hii nilikwisha kuiandaa ya keshokutwa," alisema. "Naomba uniambie kweli, mzee. Ile treni unaisikia?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika kumi na tisa. Subiri aliitazama barua. Aliliona jina la kibanda chake limeandikwa juu. Neno lenyewe lilikuwa tayari ulimini. Akamtazama mkewe, na mkewe hakuwa anaitazama barua, alikuwa anamtazama yeye, na usoni alikuwa na uchovu ambao Subiri hakuwahi kuuona, au aliuona akaupisha.

Ikaanza kukata kona.

"Unasikia?" akamuuliza mkewe kwa sauti ya chini.

Mkewe alisikiliza kwa dhati, kichwa ameinamisha, kwa muda wa kutosha mabehewa tisa. "Hapana, mume wangu," akasema. "Mimi sisikii kitu."

"Basi inapita kwangu peke yangu," Subiri akamwambia daktari. "Naisikia. Tangu jana."

Daktari aliirudisha barua kwenye droo bila kelele. Alisema wataanza upya kwa dozi ndogo, leo hapahapa, na kwamba barua itangoja, pengine miezi minne. Akamimina vidonge viwili kwenye kifuniko, cheupe na cha waridi, vikagusana. Nesi akaleta glasi ya maji. Subiri alivikodolea macho, na machozi yakaanza kumtiririka bila yeye kuyaita.

Mkewe alidhani atauliza, "Nimepoteza kazi?" Hakuuliza.

"Daktari, nikimeza itakwisha kabisa?"

"Natumaini. Unaogopa?"

"Sijui niseme nini." Akajifuta kwa mkono wa shati. "Miaka thelathini na mmoja nimengoja treni zinazochelewa. Saa mbili, saa sita, siku nzima. Hiyo ndiyo treni pekee ambayo haijachelewa hata dakika moja. Nitaikosa."

Daktari alijizuia, akashindwa, akacheka, na mkewe naye akacheka, wakacheka mpaka nesi akachungulia tena. Subiri mwenyewe alicheka kidogo huku analia. Kisha mkewe akamshika mkono pale mbele ya watu, jambo ambalo hawakulifanya hata siku ya harusi.

"Na mimi je?" akasema. "Mimi nimekukosa wewe tangu mwezi wa tatu."

Subiri akachukua kifuniko, akavimimina vyote viwili mdomoni kwa pamoja, akanywa maji.